Jibu kwa swali: Katika riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, yule ndege asiye na hatia ni ishara ya Tom Robinson, mtu Mweusi aliyesingiziwa ubakaji, peke yake?

Hapana ndugu, yumo na Boo Radley, jirani anayejificha ndani ya nyumba. Mwishoni Scout mwenyewe, msichana anayesimulia, anamwambia baba yake, wakili Atticus, kwamba kumtangaza Boo kuwa ndiye aliyemuua mtu aliyewashambulia watoto ni sawa na kumpiga risasi yule ndege.

Ila mnamng'ang'ania mno ndege mnasahau tundu la mti! Humo Boo aliwawekea watoto chingamu, vinyago viwili vya sabuni, saa mbovu. Kaka yake, Nathan, akaliziba kwa saruji, eti mti unaumwa. Atticus akautazama: majani mabichi, mti mzima. Uongo wa mchana kweupe, kama ule wa mahakamani baadaye. Mayella, anayedai Tom alimbaka, kaumizwa upande wa kulia wa uso, yaani aliyempiga huenda alitumia mkono wa kushoto; wa Tom umelemaa, na bado wazee wa baraza wanamtia hatiani. Anzia hapo insha yako.