Maswali na Majibu: Grehaundi Wako, Watu na Mbwa wa Watu Njiani

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Uingereza na Ireland ambao wamewachukua grehaundi waliostaafu mbio. Kwa asiyewajua, hawa ni mbwa warefu wa miguu na wembamba wa kiuno, wanaoshindanishwa viwanjani kumfukuza sungura wa bandia anayevutwa kwa mashine, mchezo ulioanza Uingereza mwaka 1926 katika uwanja wa Belle Vue, Manchester. Wakimaliza kazi, wengi wakiwa bado vijana, hutafutiwa nyumba na mashirika kama Greyhound Trust. Ndani ya nyumba hawana shida, kwa kuwa hulala karibu mchana kutwa. Shida huanza wanapotolewa nje, na barua zote zinahusu huko.

Kila asubuhi tunapopita bustanini kuna mbwa anayeachiwa huru, naye humjia grehaundi wangu mbio huku mwenyewe akipaza sauti kutoka mbali kwamba mbwa wake hana neno, anataka kucheza tu. Wangu hujibanza nyuma ya miguu yangu, na juzi alinguruma. Nifanye nini? — Msomaji, Reading

Neno lako la kwanza limwendee mwenye mbwa, na liwe limetoka kabla mbwa hajafika. Mwambie kwa sauti kubwa na kwa ufupi amwite mbwa wake kwa sababu wako hataki kuguswa, wala usianze kumsimulia historia ya mbwa wako, kwa maana maelezo marefu humpa nafasi ya kukujibu badala ya kuita. Wapo wanaoshauri udai kwamba mbwa wako ana kikohozi cha kuambukiza, na ni kweli kwamba hapo mtu huja mbio kumchukua wake. Lakini ninyi mnaonana kila asubuhi, na uongo huo hautafika Ijumaa.

Mbwa akizidi kuja, simama katikati yao, umwelekee mgeni, na ushike kamba fupi bila kuikaza, kwa sababu kamba iliyokazwa ghafla humthibitishia grehaundi wako kwamba hatari ipo. Mkono wa pili uwe na vipande vidogo vya chakula, uvirushe kwa nguvu kuelekea pua ya yule anayekuja. Mbwa wengi husimama kunusa kilichoanguka, na sekunde hizo chache zinakutosha kuondoka kwa kupinda njia, bila kukimbia. Jambo moja ambalo wenye mbwa wa aina nyingine hulishauri usilifuate kamwe, nalo ni kuachia kamba ili mbwa wamalizane wenyewe. Grehaundi aliyeogopa kwa kawaida hakai apigane, bali hutoroka, na kwa mwendo unaokaribia kilomita 65 kwa saa atakuwa barabarani kabla hujamaliza kutamka jina lake. Isitoshe, ngozi yake ni nyembamba na haina mafuta ya kuikinga, hivyo jino ambalo kwa mbwa mwenye manyoya mazito lingeacha mkwaruzo tu, kwake huchana kama linavyochanika shuka kuukuu.

Kuhusu kunguruma, usimkaripie. Huko ndiko kusema kwake, na mbwa aliyezoezwa kunyamaza anapoogopa ndiye anayekuja kuuma bila ilani.

Kisheria, kifungu cha 3 cha Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991 kinamhusu mbwa wa aina yoyote anayeshindwa kudhibitiwa kiasi cha kumpa mtu sababu ya haki ya kuhofia kwamba ataumizwa, hata kama hakuuma. Angalia kwamba kinachotazamwa hapo hasa ni hofu ya binadamu na si ya mbwa mwenzake, kwa hiyo usikitegemee sana. Halmashauri nyingi zina amri zao kuhusu maeneo ambayo mbwa lazima afungwe kamba. Ulizia kama bustani yenu ni mojawapo. Andika tarehe, saa na mahali kila linapotokea, kisha umpelekee afisa wa mbwa wa halmashauri orodha hiyo, kwa kuwa malalamiko yenye tarehe hufuatiliwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya jumla.

Shirika lilinishauri nimvalishe kifunika mdomo kwa wiki za mwanzo. Sasa watu huwavuta watoto wao wakituona, na mama mmoja aliniambia mbwa mkali hatembezwi mbele ya shule. Nimvue? — Msomaji, Coventry

Usimvue kwa ajili ya haya. Grehaundi wote hukimbia wakiwa wamevaa kifunika mdomo, mbwa sita katika kila shindano, na wengine hukivaa hata wanapoachiwa kupumzika pamoja uwanjani, hivyo kwake ni vazi la kazi alilolizoea. Watu hawajui hilo, na hali ilizidi kuwa ngumu tangu tarehe 31 Desemba 2023, siku ambayo mbwa wa aina ya XL Bully walilazimishwa kisheria kuvaa kifunika mdomo na kufungwa kamba hadharani katika England na Wales. Tangu hapo wapita njia wengi wakikiona kifaa hicho humsoma mbwa kuwa ni hatari.

Kwa mama wa shuleni jibu moja linatosha: mbwa huyu alikuwa wa mbio, amezoea kufukuza vitu vidogo vinavyokimbia, na kifaa hiki ni kwa usalama wa paka wa jirani. Kisha endelea na safari yako. Lakini saa za watoto kuingia na kutoka shule zikwepe kwa wiki hizo, kwa sababu grehaundi mgeni wa mji ana mengi ya kujifunza bila kuongezewa kelele za watoto mia mbili. Kumbuka pia kwamba mbwa aliyefunikwa mdomo hawezi kujitetea, na ulinzi wake wote uko mkononi mwako.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mume wangu ni Mwingereza, na tunaishi mtaa wenye Waislamu wengi, wakiwemo wazee wa kwetu. Tukikutana nao na mbwa, hasa siku ya Ijumaa, naona nyuso zinabadilika na wengine wanavuka barabara. Mzee mmoja hajanijibu salamu tangu hapo. Nifanyeje bila kumrudisha mbwa? — Msomaji, Leicester

Wewe mwenyewe unajua kinachowasumbua, lakini mumeo huenda hajui, basi na aelezwe. Wazee wa pwani yetu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo mbwa ni najisi nzito: ute wake, au mwili wake ukiwa na majimaji, ukigusa nguo au mwili, mahali hapo paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee aliyekwisha kutia udhu, amevaa kanzu safi na anawahi khutba, akiguswa na pua ya mbwa amerudishwa nyumbani. Usije ukamwambia kwamba Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Maliki, wana kauli nyingine na kwamba kwao mbwa aliye hai si najisi. Ni kweli, lakini hukumu za fikihi hazijadiliwi ukingoni mwa barabara na mtu mwenye umri wa baba yako, na mbwa ukiwa naye mkononi.

Yaliyo katika uwezo wako ni haya. Grehaundi ni mrefu kiasi kwamba pua yake iko usawa wa mkono wa mtu mzima, na ana tabia ya kumwegemea mtu anayesimama karibu naye kwa uzito wa mwili wake wote. Waingereza huiona tabia hiyo kuwa ni mapenzi, na mzee wako ataiona kuwa ni balaa. Kwa hiyo vuka wewe kabla hajavuka yeye. Mbwa awe upande wa nje, mbali na watu, kamba umeikunja mkononi hadi ibaki fupi, na salamu itoke kwako mapema ukiwa bado mbali, shikamoo yenye sauti inayosikika. Siku za mvua, ambazo Leicester si chache, ongeza nafasi maradufu: mgusano mkavu kwa mkavu hauhamishi najisi, lakini manyoya yaliyolowa huihamisha. Mvalishe koti lake la mvua, ambalo anahitaji hata hivyo kwa wembamba wake. Ijumaa mchana, tembea upande ambao msikiti haupo. Kwenye lifti, subiri inayofuata.

Halafu usichanganye tahara na hofu. Baadhi ya wanaovuka barabara hawana habari na udhu. Wamekulia mahali ambapo mbwa ni yule wa getini penye kibao cha «Mbwa Mkali», au yule anayezurura na pengine ana kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao hadi leo unaua watu Afrika Mashariki. Hofu yao si ushamba, ina asili yake. Ukipata nafasi ya mazungumzo, bila mbwa, wataje kwamba kichaa hicho kilikoma kwa wanyama wa nchi kavu hapa Uingereza mwaka 1922. Kuhusu mzee asiyejibu salamu, mwendee nyumbani kwake peke yako, na nguo uliyovaa isiwe ile ya kutembezea mbwa. Mwulize ni njia zipi na saa zipi anazopita, ili umpishe. Sioni jambo la kumwonea haya katika kuuliza hivyo, na nadhani naye atafurahi kuulizwa kuliko kuombwa radhi.

Wangu huganda katikati ya njia, miguu minne imekakamaa, macho mbele. Watu hucheka, wengine hupiga picha, na bwana mmoja alisema namtesa. — Msomaji, Hull

Grehaundi wengi hufanya hivyo miezi ya mwanzo, kwa sababu wametoka kwenye mabanda ambako hawakuona ngazi, basi la ghorofa wala pipa la taka linalopeperusha mfuko. Usimvute. Legeza kamba, mgeuze ubavu kwa kumsukuma begani polepole hadi azunguke nusu duara, mara nyingi miguu hufunguka yenyewe. Wapiga picha wageuzie mgongo, na huyo bwana mwambie kwamba mnapumzika. Ila kama anaganda kwenye sakafu ngumu tu na kwenye majani anatembea vizuri, mtazame chini ya vidole: aina hii hupata sugu zenye kuuma sana, na hiyo ni kazi ya daktari wa wanyama.

Grehaundi wangu alimrukia ghafla mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya mengi. Hakumuuma, kamba ilimzuia, lakini mwenye mbwa alilia na kusema ataita polisi. Nimekosa usingizi. — Msomaji, Bristol

Ulikuwa umemshika, hakuna aliyejeruhiwa, na hilo ni kubwa. Omba radhi bila kujitetea, toa namba yako ya simu akiitaka, na usiseme kamwe kwamba mbwa wake ndiye aliyechokoza kwa kuwa mweupe. Polisi wakija, waeleze yaliyotokea na hatua ulizochukua tangu siku hiyo, kwa hiyo uwe umezichukua.

Kwanza ni kifunika mdomo, mpaka umjue vizuri. Grehaundi fulani hawajawahi kumwona mbwa wa aina nyingine maishani, na kitu kidogo cheupe kinachodundadunda huenda kwao hakionekani kama mbwa hata kidogo. Pili, kama unatumia kamba ya kujikunjua na kujikunja, itupe leo: mbwa huyu hufikia mwendo mkubwa katika hatua chache, na akifika mwisho wa kamba ndefu kwa kasi hiyo, mshtuko wote huishia shingoni mwake na mkononi mwako. Tatu, kichwa cha grehaundi ni chembamba kuliko shingo yake, hivyo mkanda wa kawaida humvuka akirudi nyuma. Tumia ule mpana unaojikaza kidogo anapovuta, pamoja na mkanda wa kifuani, kamba ikiwa imefungwa kwenye vyote viwili. Ukimwona mbwa mdogo kwa mbali, mtazame wako masikio: yakisimama, na mwili ukatulia tuli, geuka wakati huohuo. Ukingoja avute umechelewa.

Kila wiki kuna anayeniambia nimlishe mbwa wangu. — Msomaji, Glasgow

Mbavu za mwisho na mifupa ya nyonga huonekana kwa grehaundi mwenye afya. Mwambie huyo mtu kwamba ameshakula, na amekula pia sehemu ya chakula chako.

Ufukweni karibu na Dublin mtu alinifokea kwa kumwachia grehaundi wangu akimbie, wakati wake mwenyewe alikuwa huru. Ana haki? — Msomaji, Dublin

Kwa adabu hana, kwa sheria anayo. Sheria ya Ireland ya Udhibiti wa Mbwa ya mwaka 1986 inataka grehaundi aongozwe kwa mnyororo au kamba imara kila awapo mahali pa umma, na inamkataza mtu mmoja kuongoza zaidi ya wanne kwa pamoja. Mbwa wa kawaida kama wake anatakiwa tu awe chini ya udhibiti wa mwenyewe. Waweza kuona si usawa, nami naona hivyohivyo, lakini faini italipwa na wewe. Tafuta mashamba yaliyozungushiwa uzio ambayo hukodishwa kwa saa, na kabla hujamfungua, zunguka uzio wote kwa miguu ukiwa naye kwenye kamba, ukitazama chini kwenye mashimo ya sungura na kwenye kona za lango.