Taa Pacha, Mto wa Mapajani na Kosa la Bwenini

Jamani, michoro mipya ya taa pacha imeletwa, na kosa ni lile lile la waliowatangulia. Wazo ni zuri sana: mzazi anagusa taa yake nyumbani, ya mwanafunzi aliye ng'ambo inawaka. Ndiyo maana inauma kuona linaharibika pale pale kila mara. Someni kabla hamjaanza kulehemu.

1. Mtandao wa bweni si mtandao wa karakana. Wachache sana katika kazi hii wanaoweza kuapa kwamba hawajalifanya kosa hili. Taa inajaribiwa kwenye ruta ya karakana, jina moja, nywila moja. Inawaka, watu wanapiga makofi, inafungashwa, inasafiri. Ikifika bwenini inagoma. Mtandao wa chuo kama eduroam unadai jina la mtumiaji pamoja na nywila yake mwenyewe, na programu yenu imeacha nafasi ya nywila peke yake. Mabweni mengine yanakudai uingie kwanza kupitia ukurasa wa kivinjari, na taa haina kivinjari. Ukivuka hapo, poti 1883, mlango wa mtandao unaotumiwa na MQTT (itifaki ya kutumiana ujumbe mfupi kati ya vifaa), mara nyingi imezibwa. Isitoshe, ESP8266, chipu ya Wi-Fi iliyo ndani ya taa, husikia 2.4 GHz tu.

Hayo ni ya ufundi, yanarekebishika. Sasa mtazameni mwenye taa. Amefungua kifurushi usiku, ameiweka kando ya kitanda, na kitaa chekundu kinapepesa kumwarifu kuwa haijaunganishwa. Kule nyumbani mama anagusa, anagusa tena, hajui kwamba hakuna kilichofika. Taa iliyozimika haimwambii mtoto wake kwamba mtandao umekatika. Inamwambia leo hawajamkumbuka. Kitu kilichotengenezwa kupunguza upweke kimeuongeza, kisa hakuna aliyekitoa nje ya karakana hata siku moja.

Dawa ni hii. Tumieni chipu ya ESP32, ambayo ina Bluetooth. Taa ijiunge na simu, na simu ndiyo ishike intaneti. Ujumbe upite poti 8883 au 443, QoS 1 (ujumbe hurudiwa hadi upokewe), kikao cha kudumu (seva inaendelea kuikumbuka simu), ili mguso uliotumwa simu ikiwa imezimwa usubiri kwenye seva. Mtandao ukipotea, taa ibaki na mwanga hafifu wa mguso wa mwisho. Taarifa za hitilafu ziende kwenye simu. Kisha ijaribuni siku 7 kwenye mtandao wa chuo halisi, mkiukata makusudi.

2. Saa. Kwa tofauti ya saa sita, anayegusa saa 2 asubuhi anaweza kumwashia mwenzake taa saa 8 usiku. Mwanga uongezeke polepole, kwa sekunde 30 hivi, na kuwe na muda wa kulala ambapo miguso inatunzwa hadi asubuhi.

3. Umeme uwe 5 V kwa USB, basi. Japani ni 100 V, Marekani 120 V, Ulaya 230 V. Msihangaike na plagi. Mkiweka betri, ya 3.7 V yenye 5000 mAh ni 18.5 Wh, chini ya kikomo cha 100 Wh cha ndege. Ikiwa imetolewa kwenye kifaa, isafiri kwenye begi la mkononi.

4. Vitu vya kukumbatia, kwa mwanafunzi huyo huyo. Mwaka 1958 mwanasaikolojia Harry Harlow alionyesha vitoto vya kima vikimng'ang'ania mama wa kitambaa hata pale maziwa yalipokuwa kwa mama wa waya, kwa hiyo msidharau kitambaa. Ila blanketi zito la sehemu 1 ya 10 ya uzito wa mwili ni kilo 6 kwa mtu wa kilo 60, zaidi ya robo ya mzigo wa ndege wa kilo 23. Shoneni mto wa mapajani wa kilo 1.5. Shanga za kioo za kuutia uzito zigawanywe kwenye vijumba vya sentimita 10 kwa 10, la sivyo zote zitakimbilia pembe moja na mto utaning'inia kama soksi yenye jiwe. Mshono uwe mara mbili, hatua ya milimita 2, kwa sababu shanga hutoroka kwenye mshono uliolegea. Ganda la nje liwe na zipu, livuliwe na kufuliwa.

5. Kifaa kiwe na kazi nyingine. Anayelala chumba kimoja na mwenzake hataki kueleza kwa nini ana kitu cha kuliwaza mezani. Taa ya kusomea haiulizwi.