Seli shina kwa baba mwenye Parkinson: tuuze shamba?

Swali: Daktari, baba yangu ana miaka 66 na ameishi na ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mitano. Hapa Nairobi tumeambiwa atolewe mafuta tumboni, zichujwe seli shina, kisha adungwe kwenye mshipa wa mkono. Bei yake itatulazimu tuuze shamba. Je, inasaidia? Na tiba ya jeni je? – Msomaji, Umoja

Jibu: Hati ya shamba irudi sandukuni kwanza.

Parkinson huua seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kusogea, ndani kabisa ya ubongo. Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Seli mpya zikitaka kusaidia, sharti zifike panapohitajika na ziwe za aina hiyo hiyo. Seli za mafuta hazijathibitishwa kufanya hivyo. Tena damu ya mkononi hupita moyoni na mapafuni kabla ya kufika kichwani, na seli nyingi za aina hii hunasa mapafuni. Ni kama kulipa nauli ya Kisumu, gari likazimia Limuru.

Kazi yenyewe ni nzito. Mwaka 2006 mwanasayansi Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alionyesha, kwa seli za panya, kwamba seli iliyokomaa inaweza kurudishwa uchangani, ikawa kama seli shina. Baadaye madaktari wa Kyoto walilea seli za namna hiyo kutoka kwa mtu mwenye afya hadi zikaelekea kutengeneza dopamini, wakazipandikiza kupitia tundu kwenye fuvu. Matokeo yalitoka 2025: wagonjwa 7, miaka 2, hakuna madhara makubwa, na 4 kati ya 6 waliopimwa nafuu walikuwa afadhali hata dawa ilipoisha nguvu mwilini. Inatia moyo, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha.

Kinachonitisha ni seli zisizofuatiliwa. Mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana wa Israeli aliyepandikizwa seli za vijusi huko Moscow; uvimbe ukamwota ubongoni na kwenye uti wa mgongo, uliotokana na seli hizo.

Katika tiba ya jeni, kirusi kilichoondolewa makali hubeba jeni mpaka ndani ya seli. Mwaka 2022 Ulaya iliidhinisha moja kwa upungufu wa AADC, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza dopamini, ambako jeni moja ndiyo mbovu. Parkinson ya wengi haina jeni moja ya kulaumu, kwa hiyo bado ni majaribio.

Kama baba anatumia levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza dopamini, nyama na maharagwe huzuia isifyonzwe vizuri, kwa hiyo mara nyingi tunashauri imezwe nusu saa kabla ya kula. Andikeni saa anazomeza na saa anazokakamaa, mumpelekee daktari wake wa neva; kubadilisha ratiba ya vidonge tu huweza kumrudishia saa kadhaa za siku. Naye mwenye sindano mwulizeni kwa nini anatoza: jaribio halali kwa kawaida halimuuzii mgonjwa dawa linayoipima.