Karanga zinasingiziwa tu

Dada, umeuliza kama uache karanga na chipsi kwa sababu ya chunusi. Karanga tunazilaumu tangu shuleni, lakini ushahidi dhidi yake ni hafifu mno. Mimi ningeanza na sukari: soda, maandazi, mkate mweupe, chai ya vijiko vinne (najijua!). Vitu hivyo hupandisha sukari ya damu haraka, insulini (homoni inayodhibiti sukari hiyo) nayo inapanda, na ngozi inatoa mafuta zaidi. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa 2007, vijana wa kiume waliokula mlo usiopandisha sukari haraka kwa wiki 12 walipungukiwa chunusi kuliko wenzao. Maziwa nayo yanahusishwa, hasa yaliyoondolewa mafuta. Vijana wale walisubiri wiki 12, kwa hiyo ukijaribu, usikate tamaa siku ya tatu. Na chunusi usizitumbue!