Ukiwa na pawatila, kuni za mwakani zikate mwaka huu

Kila kipupwe kinapokaribia, ndugu na marafiki wanaotaka kununua pawatila hunipigia simu, na swali lao la kwanza huwa ni lilelile: inalima ekari ngapi kwa siku? Kwa sisi wa huku Njombe, kwenye vilima na mabonde, mimi ningependa waulize inabeba nini na inapita wapi. Kulima ni kazi ya wiki chache tu, Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea. Kubeba hakuna msimu. Samadi, mbegu za viazi, mahindi ya kutoka shambani, madumu ya maji bomba likikatika, na zaidi ya vyote, kuni.

Pawatila ni lile trekta dogo la magurudumu mawili, injini moja ya dizeli mbele, dereva nyuma ameshika mikono miwili. Zilimiminika vijijini wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia mwaka 2009, na kila aliyekuwa macho aliona kilichofuata: kwenye mashamba ya mpunga ya tambarare zikalima kwelikweli, kwetu huku milimani nyingi zikafungwa tela zikawa za mizigo. Wapo waliosema zimeshindwa. Mimi sikubali. Udongo wetu una visiki, mizizi ya miwati (miti tunayoipanda kwa kuni na magome) na mteremko, na majembe ya kuzunguka ya mashine hiyo yanapenda udongo laini uliokwishalimwa, si pori linalofunguliwa mara ya kwanza. Kama shamba lako lina visiki, anza na ng'ombe au kodi trekta kubwa, halafu pawatila ije kulainisha. Ukiilazimisha utabaki unanunua visu kila msimu.

Sasa nije kwenye kuni, maana ndipo mashine hii inapolipa kwenye kaya kama zetu.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi inashuka chini ya nyuzi 10, na mabondeni asubuhi unakuta barafu nyeupe juu ya majani ya viazi. Moto jikoni si wa kupikia peke yake, ni wa kuotea pia. Kaya isiyo na kuni kavu miezi hiyo inateseka, na anayeteseka zaidi ni mama aliyeinama kwenye moshi akipuliza. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: kuni utakazochoma Juni ijayo zinatakiwa ziwe zimekatwa na kupasuliwa Juni hii.

Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Maana yake ni mbili, na zote zinagusa mfuko wako. Ya kwanza, moto unatumia nguvu zake kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla haujafikia sufuria, kwa hiyo unachoma kuni nyingi, unapata moshi mwingi na maharage hayaivi. Ya pili, ukipakia kuni mbichi kwenye tela, nusu ya mzigo unaoubeba ni maji, na dizeli ni ya kwako.

Kwa hiyo utaratibu wetu nyumbani ni huu. Miwati inakatwa Juni na Julai, mahindi yakishavunwa. Inakatwa vipande, inapasuliwa palepale na kupangwa palepale msituni. Inakaa huko ikipigwa na jua na upepo mpaka mwisho wa Septemba. Hapo ndipo pawatila inaingia kubeba, njia zikiwa bado kavu na mzigo umeshapungua uzito. Safari zinakuwa chache kwa kuni zilezile. Wizi upo, sikatai. Dawa yake ni kupanga mahali majirani wanapopita mchana, usifiche kuni bondeni, na mwenyekiti wa kitongoji ajue kuwa ni za nani.

Kupasua mapema ni jambo ambalo watu wanalidharau. Gogo la mviringo lenye magome yake linaweza kukaa mwaka mzima na ndani bado ni bichi, kwa sababu gome linazuia maji yasitoke. Ukilipasua mara nne, hewa inaingia pande zote. Kwa mlingoti, yaani mkaratusi, ni muhimu zaidi: ukiwa mbichi unapasuka vizuri kwa shoka na kabari, ukishakauka unakuwa mgumu na nyuzi zake zinajisokota, utavunja mpini.

Kuni iliyokauka unaijua kwa mkono na sikio. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inatoa mlio mzito uliofifia. Angalia ncha zake: iliyokauka ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, na gome linabanduka kwa kidole. Ukiiweka motoni na ncha ikatoa povu, irudishe kwenye rundo.

Banda la kuni lisiwe chumba. Nimeona watu wanajenga banda zuri, wanalizungushia mbao pande zote, halafu kuni zinaota uyoga. Kinachotakiwa ni bati juu na upepo pembeni. Chini tanguliza magogo au mawe ili kuni zisiguse udongo, maana mchwa hawana huruma. Usizibane kwenye ukuta wa nyumba, acha nafasi ya mkono. Panga marundo mawili, la mwaka huu na la mwakani, na kila mtu wa nyumbani ajue lipi haliguswi.

Kuhusu miti yenyewe. Mwati ndio kuni ya heshima huku kwetu, una moto mkali na makaa yanayodumu. Ulisambaa sana kwa sababu ya magome, kampuni ya miwati ya Njombe ipo tangu 1949 na magome hayo hutoa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, kwa hiyo ukikata mti wako uliza kama gome lina mnunuzi kabla hujalichoma. Mwati hauchipui vizuri kwenye kisiki. Unarudi kwa mbegu zilizolala ardhini, hasa moto ukipita. Mlingoti unachipua wenyewe: kata kisiki kifupi chenye mshazari ili maji yatiririke, kisha baadaye bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka. Ila mlingoti usiupande karibu na chemchemi. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka tuache mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na aliyewahi kuona kisima cha kijiji kikikauka hahitaji kukumbushwa na sheria. Msindano, yaani paini, unawaka haraka kwa sababu ya utomvu, mzuri kwa kuwashia, lakini ukipikia huo mtupu masizi yatajaa kwenye bomba la moshi, na masizi hayo siku moja yanaweza kuwaka.

Nirudi kwenye mashine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu inaweza kuua.

Tela la kuni kwenye mteremko ndilo jambo la hatari kuliko yote. Kila mkono wa pawatila una klachi yake ndogo. Kwenye tambarare ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, mashine inakata kushoto. Kila dereva anajua hilo. Mkiwa mnashuka mlima na mzigo, mambo yanageuka. Sasa injini haisukumi, inazuia. Ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa huru na kukimbia, la kulia linabaki limeshikwa na injini, na mashine inakata kulia, upande ambao hukuutaka. Kama kulia ni korongo, umeingia. Kijana aliyefundishwa kuendesha kwenye uwanja wa mpira hajui jambo hili, na hakuna muda wa kulifikiria likishatokea.

Kwa hiyo, kabla ya kushuka, simama. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu. Ukianza kushuka usiguse klachi kubwa, maana ukiikata umeachia tela zima likusukume. Usibane klachi za mikononi, geuza kwa kusukuma mikono yenyewe taratibu. Breki ya tela ijaribiwe kabla ya kupakia, si baada. Abiria juu ya kuni, hapana, hata kama ni watoto wa nyumbani wanaotoka shule na mvua inanyesha. Kuni ndefu zisizidi mbao za tela kwa upande, na zifungwe kwa kamba ya kweli. Tela nyingi zimetengenezwa kwa mzigo wa kati ya nusu tani na tani moja. Kuni mbichi zinaufikisha uzito huo wakati tela likionekana bado lina nafasi, na hapo ndipo watu wanapoongeza.

Kuwasha kwa hendeli nako kuna adabu yake. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli. Injini ikirudisha nyuma, hendeli inateleza mkononi badala ya kuvunja kidole. Mkono wa kushoto unainua kile kijiwiko cha kupunguza mgandamizo, wa kulia unazungusha mpaka gurudumu zito la injini lichukue kasi, ndipo unaachia. Asubuhi za Julai oili inakuwa nzito na injini inagoma. Kama ya kwako inapozwa kwa maji ya tangi la juu, mimina maji ya moto kutoka jikoni, usubiri kidogo, halafu zungusha. Na usiku wa barafu, mashine ikilala nje, fungua koki maji yatoke. Maji yakiganda ndani yanaweza kupasua injini.

Majembe ya kuzunguka yakiwa yamefungwa, usirudi nyuma kabla hujayazima. Visu vinakuja kwenye miguu yako. Jirani yetu mmoja anatembea na fimbo kwa sababu hiyo, na alikuwa dereva mzoefu.

Utunzaji si mgumu. Pima oili kila asubuhi, ibadilishe kila saa 100 za kazi, na ile ya mwanzo kabisa mashine ikiwa mpya ibadilishe mapema zaidi, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara wakati wa kubeba kuni, kwa sababu Septemba vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Moshi unakuambia kinachoendelea: mweusi, mzigo umezidi au hewa haitoshi, wa bluu, inachoma oili, mweupe usiokwisha hata ikishapata moto, mwone fundi. Dizeli ya kwenye dumu iache itulie na uichuje kwa kitambaa safi, ya chini kabisa usiimimine.

Jihadhari pia na moto wa nyika. Kuanzia Septemba nyasi zinakuwa kavu kabisa, na ekzosi ya moto inatosha kuwasha. Usiegeshe pawatila juu ya nyasi ndefu au karibu na rundo la kuni, na usijaze dizeli injini ikiwa inanguruma. Njia ya kuzuia moto kuzunguka msitu wako ilimwe mapema, hii nayo pawatila inaifanya vizuri kama ardhi ni laini.

Kama unafikiria kuuza kuni zinazobaki, pita kwanza ofisi ya kijiji na kwa ofisa misitu wa wilaya ujue vibali vinavyotakiwa. Kukamatwa barabarani na tela limejaa ni hasara isiyo na sababu.

Ndani ya nyumba, kuni kavu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni jiko. Mafiga matatu yanapoteza moto pande zote. Jiko banifu la udongo lenye bomba la moshi linalotoka juu ya paa linabadilisha maisha ya jikoni, na kulijenga ni kazi ya siku moja kwa anayejua. Usitumie mawe ya mtoni, yana maji ndani na yanaweza kupasuka motoni. Kuni zikatwe fupi, unene wa kifundo cha mkono, mbili tatu kwa wakati mmoja, na sufuria lifunikwe. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mwenye uwezo wa gesi naye anunue, chai ya asubuhi haihitaji kuwasha kuni. Lakini maharage na kuota moto, kwa kaya nyingi za huku, bado ni kuni, kwa hiyo tuzichome vizuri.

Jambo moja nawasihi sana wazazi. Usiku wa baridi msiingize jiko la makaa chumbani mkafunga madirisha. Makaa yasiyo na moshi yanatoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana, na watu wanalala wasiamke. Oteni moto jikoni, mlango ukiwa wazi kidogo, kisha mwende kulala na mablanketi. Jiko libaki nje.

Majivu msiyatupe. Udongo wetu una tindikali, na majivu yanaipunguza na kuongeza madini ya potashi, kwa hiyo yapelekeni kwenye mahindi, maharage na migomba, kwa kutawanya kidogo kidogo. Msiyachanganye na samadi mbichi wala mbolea ya urea, nguvu ya mbolea itapotelea hewani. Na kwenye viazi msiweke kabisa, vitatoka na magaga na mnunuzi atashusha bei.