Kopo langu la sukari

Mwanangu, marahaba. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ile unayouliza "mama, hivi huu wema unanisaidia nini", maana umembeba mwenzio asiye na chumba, mnalala wote kwenye kitanda chako tangu semista ianze, anapikia mchele wako, asante hakuna, halafu wewe ndo umepata sup mbili, mitihani ya kurudia, na yeye kapeta zote. Hapo kwenye kapeta nimecheka kidogo, nisamehe, ila najua inauma.

Mwaka 1998 nikiwa chuo cha ualimu, zile mvua za El Nino zimekata barabara, hela ya babu yako haifiki, utajiri wangu wote ni sukari kwenye kopo la Blue Band. Jirani yangu wa kitanda dada mmoja wa Kondoa, mkimya kweli, anachota bila kuomba. Mi nikachukua msumari, kila jioni nakwaruza alama ndani ya kopo, asubuhi naenda kupima. Yaani hesabu za ile sukari nilizijua kuliko hesabu za darasani, na za darasani nikafeli.

Sasa huyohuyo dada ndo akaanza kuniamsha saa kumi alfajiri, ananivuta dole gumba la mguu bila kusema kitu, anawasha koroboi, tunapiga maswali ya mitihani ya nyuma mpaka kengele ya usafi. Hakuna aliyemtuma. Nikarudia mtihani, nikapita kwa tabu hivyohivyo. Siku tunafunga chuo ananiambia, "ile alama ya msumari nilikuwa naiona." Basi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sikwambii huyo wako naye atakuvuta dole, labda hana hata mpango. Ongea naye, uso kwa uso, sio kwa mafumbo ya status: mchele mnachanga, na kitanda mwisho wake lini. Boom, hiyo hela yako ya mkopo wa chuo, ni elfu kumi kwa siku, humo ule, utoe kopi, upande daladala, watu wawili haiwatoshi. Na wakikukuta umebeba mtu kesi ni yako mwenye chumba. Ila usimtoe usiku na usimtangaze kwa wenzenu, kukosa pa kulala ni aibu tosha.

Hizo sup, lia kwanza, siku mbili zinatosha (mi nililia wiki, haikusaidia). Halafu nenda kwa mhadhiri umuulize ulipotelea wapi, tafuta past pepa, na umwombe huyo aliyepeta akufundishe. Ndio, huyohuyo. Ana mchele wako tumboni, atakataaje?

Na yule mama wa chipsi aliyekukopesha kabla boom haijaingia, umeshamlipa? Mlipe kabla hujanunua bando, na asante umwambie kwa mdomo wako. Mimi yule dada wa Kondoa sikumwambia, nilishikwa na aibu nikajifanya nafunga begi, basi lao likaondoka, simu zenyewe nani alikuwa nazo enzi hizo. Mpaka leo nikimenya sukari ya chai namkumbuka, wee, yaani nikichota, ona hata kuandika nachanganya.

Unga na dagaa nimempa konda, kachukue Jumamosi pale stendi ya Magufuli. Kuna na sukari kilo mbili. Usiikwaruzie alama.

Mama yako