Kubainisha Sitiari Hakutoshi: Kwa Walimu Wapya wa Kiswahili Jijini Mwanza

Walimu wenzangu mlioripoti kituoni muhula huu, nimekagua maandalio yenu ya somo, nimeketi nyuma ya madarasa yenu, na nimeona niandike kabla subira haijaniishia. Somo la ufahamu linakwenda hivi: mwanafunzi anasoma kifungu kwa sauti, mwalimu anauliza tamathali zilizotumika, darasa linaitikia sitiari, tashihisi, mubaalagha, na kengele inalia bila mtu yeyote kuuliza mwandishi alitaka tukubali jambo gani. Nawapenda, na mnajituma kuliko tulivyojituma sisi, lakini mnafanya kazi ya karani wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, anayehesabu ndoo za dagaa bila kufunua hata moja.

1. Anzeni na dai, ndipo mfike kwenye tamathali. Chukueni makala yoyote kuhusu ziwa letu inayomwita sangara mvamizi aliyewamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Mwanafunzi atasema hiyo ni sitiari, naye atapata alama yake. Muulizeni swali la pili: sitiari hiyo inamficha nani? Sangara hakuingia Ziwa Victoria kwa hiari yake. Alipandikizwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960. Neno mvamizi linambebesha samaki lawama yote, na waliomleta wanatoka nje ya habari bila kuaga. Mwanafunzi akiliona hilo, jina la tamathali hatalisahau tena, hata mkimwamsha usiku wa manane.

2. Picha nayo hutoa hoja. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo nilipoharibu.

Mwaka 2006, nikiwa mgeni kazini kama ninyi, magazeti yalijaa ubishi kuhusu Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyopigwa hapa Mwanza, ambayo wengi tuliiita filamu ya mapanki. Mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishaondolewa, hamhitaji kuelezwa. Filamu ile haina msimulizi wa kutuambia la kuamini. Kazi hiyo inafanywa na mpangilio. Ndege kubwa za mizigo zinabeba minofu kwenda Ulaya, vichwa na mifupa ya sangara inakaushwa, watoto wa mitaani wanagombea chakula, na rubani mmoja anasimulia safari ya kupeleka zana za vita Angola. Silaha zikishushwa Mwanza hazionekani, ila mtazamaji huondoka akidhani ameziona, kwa kuwa kilichowekwa jirani na kingine tunakiunganisha wenyewe.

Mimi sikuwa hata nimeitazama. Nilisoma makala ya gazeti iliyoiunga mkono, ikanipandisha hasira, nikaifanya kifungu cha jaribio la kidato cha tatu na kuuliza: "Taja mambo manne yanayothibitisha kwamba samaki wetu hubadilishwa kwa silaha." Msichana mmoja, ambaye mama yake alikuwa akinunua mapanki na kuyakaanga ili ayauze, aliandika kwamba kifungu hakikuthibitisha jambo hilo, bali kiliweka ndege na njaa katika aya moja. Akaongeza kwamba mwandishi hakumuuliza muuza mapanki hata mmoja. Nilimpa sifuri na kuandika kwa wino mwekundu: "Hukuelewa kifungu."

Alinifuata ofisini na karatasi yake, akaniamkia kwa heshima zote, akaomba nimwonyeshe sentensi inayosema silaha zilishuka. Niliitafuta huku walimu wenzangu wakijifanya wanasahihisha madaftari. Haikuwepo. Ningeweza kumrudishia alama zake palepale, nami ningepungukiwa nini? Badala yake nilimwambia kwamba mwanafunzi habishani na mwongozo wa usahihishaji. "Sawa, mwalimu," akajibu. Tangu siku hiyo alianza kuandika nilichotaka kusikia, alama zake zikapanda, na mimi, nisiyejua nilichokivunja, nikamsifu mbele ya wenzake kwamba sasa ameanza kuelewa.

Msinielewe vibaya: simaanishi kwamba filamu ile ilikuwa ya uongo. Umaskini iliouonyesha ulikuwepo, na ungeweza kuukuta bila kamera. Upande wa pili nao ulikuwa na kasoro yake. Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani mwaka huohuo, na wengi waliofuata mkondo huo walisema imelichafua taifa. Lakini kuchafuliwa kwa taifa hakujibu swali la nani anakula minofu na nani anabaki na mifupa. Kifungu kizuri cha ufahamu ndicho hicho chenye pande mbili, kila moja ikiwa na ukweli wake na ujanja wake. Wapeni wanafunzi makala mbili zinazopingana, kisha waache wachore mstari chini ya kila sentensi yenye ushahidi. Mtashangaa jinsi kalamu zitakavyokaa bila kazi.

3. Kurasa za michezo ni hazina ya bure, na kijana anayejua kwa nini kichwa cha habari kuhusu timu yetu ya soka kinasema Pamba imechambuliwa uwanja wa Kirumba tayari ameshaingia katika somo lenu.

4. Kejeli isomwe kwa sauti, tena mara mbili, kwa sababu kwenye karatasi hufanana sana na sifa. Na aliyekulia katika utani wa Wasukuma ataitambua kabla ya mwalimu wake.

5. Kuhusu miongozo ya usahihishaji, acheni nafasi ya jibu ambalo hamkulitarajia, na mlipe alama kila linapotegemezwa na sentensi ya kifungu. Najua mtaniambia kwamba mtihani wa taifa una utaratibu wake na madarasa yamejaa. Ni kweli, ila majaribio ya kila mwezi ni yetu sisi wenyewe. Leteni rasimu zenu ofisi ya idara kabla ya wiki ya majaribio, na kila swali la "bainisha tamathali" lifuatwe na jingine linalouliza tamathali hiyo inamsaidiaje mwandishi kutushawishi. Rasimu itakayokosa swali hilo la pili nitairudisha, na kalamu yangu bado ni nyekundu.